Kabla hujaamini ile negativu, uliza sampuli ilifikaje

Nafanya kazi maabara, upande wa Likoni, Mombasa, ambako sampuli nyingi huvuka feri kwenda kupimwa kisiwani, na hakuna wiki inapita sijasikia mtu akilaumu mashine. Mgonjwa akiitwa arudi atolewe damu tena, ni mashine. Majibu yakikawia, ni mashine. Majibu yakija hayafanani kabisa na mgonjwa aliyelala pale kitandani anatetemeka kwa homa, hapo hata daktari mwenyewe utamsikia, aah hizo mashine za ng'ambo siku hizi sizielewi. Sasa leo nataka niandike kwa urefu kidogo manake hili jambo linanikaa moyoni. Mashine ya PCR, ile inayotafuta vinasaba vya virusi, husoma kile ilichopelekewa, basi. Kama virusi viliharibika tangu kwenye foleni ya feri haitaviona, itaandika haikupatikana, ndio hio negativu, na hio karatasi itagongwa muhuri na itaaminika.

Hapo ndipo penye hatari. Watu hudhani baya kubwa linaloweza kuipata sampuli ni kukataliwa. Kukataliwa kunauma, sibishi, mtu keshalipa nauli, keshadungwa sindano, halafu anaambiwa rudi. Lakini sampuli iliyokataliwa angalau imesema ukweli wake, kwamba haifai, chukueni nyengine. Ninayoiogopa mimi ni ile inayopita mlangoni vizuri, lebo safi, fomu imejazwa yote, kichupa hakijavuja, kumbe ndani hamna tena cha kusomwa. Ikirudi negativu kila mtu anashusha pumzi. Mgonjwa anarudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto, daktari anafunga faili, afisa wa kufuatilia magonjwa anahamia kesi nyengine. Hakuna atakaeuliza tena.

Virusi vingi vinavyotusumbua hapa pwani, dengi, chikungunya, korona, surua, ukimwi, ni vya aina ya RNA, yani hio ndio inayobeba vinasaba vyao, na RNA ni kitu dhaifu mno. Kuna vimeng'enya vya kuikatakata ambavyo vimejaa kila mahali, kwenye damu yenyewe, kwenye mate, hata kwenye ngozi ya vidole vyetu, ndio maana glavu pale si kwa ajili ya kujikinga wewe peke yako, ni kuikinga na sampuli pia. Joto likipanda hivyo vimeng'enya vinafanya kazi haraka zaidi. Sifa ya PCR ni kwamba inaweza kuchukua vipande vichache sana ikavirudufu mpaka vikaonekana, ila kile kipande inachokitafuta lazima kiwe kizima, kikiwa kimekatika katikati hamna cha kurudufu. Sasa chukua hilo uliweke Mombasa mwezi wa pili au wa tatu, kivulini tu joto limepita digrii 30, na boksi limefungwa nyuma ya pikipiki linapigwa na jua kuanzia Shelly mpaka kisiwani.

Lakini kabla hata ya safari kuna swala la siku, na hili hatulizungumzi vya kutosha. Mombasa tunaijua dengi. Ilitupiga 2013 kuingia 2014, ikarudi 2017, ikarudi tena 2021, na hapo katikati mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya nayo ikaja ikaacha watu wazima wanatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Virusi vya dengi vinapatikana kwenye damu zile siku za mwanzo za homa, takriban tano hivi, baada ya hapo mwili unaanza kuvisafisha na cha kutafuta si kirusi tena, ni kingamwili ambazo mwili umezitengeneza, zile za mwanzo ziitwazo IgM. Na mtu wetu wa hapa akishikwa na homa anafanya nini? Siku ya kwanza dawa ya maumivu kutoka dukani, siku ya pili duka la dawa anauziwa dawa ya malaria bila kupimwa, anameza dozi yake siku tatu anaimaliza, hapati nafuu, ndio anakuja kituoni siku ya sita au ya saba. Damu yake ukiituma PCR peke yake inaweza kurudi negativu hata ingebebwa vizuri namna gani. Ugonjwa anao, virusi ndio huenda vishaondoka kwenye damu. Kwa hivyo ile sehemu ya fomu inayouliza dalili zilianza tarehe ngapi, sista zangu na madaktari wangu, msiiache wazi. Bila hio tarehe maabara haijui ikupimie nini, na anaesoma majibu hawezi kujua negativu hio ina uzito gani. Naona fomu nyingi sana zimeandikwa jina, umri, jinsia, na hapo kwenye tarehe ni mstari tu.

Halafu kuna kijiti, ile swabu ya kuchukulia sampuli puani. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, Aprili tukafungiwa sisi na Kwale na Kilifi, hutoki huingii, Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Kipindi kile sampuli nyingi za pwani zilikuwa zinapanda mpaka Kilifi, kwa watu wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa magonjwa, kilomita kama 60 hivi kutoka mjini, na nakumbuka mijadala ya watu kuhusu negativu. Fulani kapimwa negativu na nyumba nzima inaumwa. Watu walikuwa na majibu yao, wengine wakasema ugonjwa wenyewe haupo. Wachache sana waliuliza swabu ilichukuliwa vipi. Swabu ya pua si kugusisha kijiti pale mlangoni mtu akapiga chafya ukatoa. Kinaingia kwa usawa wa kaakaa, yani kinaenda nyuma, hakipandi juu kuelekea machoni, mpaka unahisi kimegota pale pua inapokutana na koo, kwa mtu mzima ni mbali kuliko watu wanavyodhani, unakiacha hapo sekunde kadhaa kinyonye, unakizungusha taratibu ndio unatoa. Mgonjwa machozi yanamtoka, lazima umuandae kabla, umueleze, umkalishe kichwa kimeegemea ukuta manake akirudi nyuma ghafla utaishia nusu njia. Vipimo vingi vya korona vilikuwa na kitu kizuri ndani, mashine ilitafuta pia jeni ya binadamu, yani kipande cha vinasaba vya mtu, kuhakikisha kijiti kiligusa mtu kweli, ikikosekana jibu linaandikwa batili, haliandikwi negativu. Lakini hata hio haikwambii kijiti kilifika wapi. Seli za mlango wa pua nazo ni za binadamu.

Na si kila kijiti. Kichwa kiwe cha poliesta au nailoni na mpini wa plastiki, vile vya pamba vyenye mpini wa mti kaa navyo mbali kwa kazi ya virusi, vina vitu vinavyoweza kuharibu virusi au kuizuia PCR isifanye kazi. Kijiti kinaingia kwenye kile kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, maji hayo yana dawa za kuzuia bakteria na kuvu yasije yakastawi humo, na yakiwa yamegeuka manjano kabla hujayatumia, tupa, chukua kingine. Baada ya hapo ni baridi ya digrii 2 mpaka 8, na kwa korona mwongozo ulikuwa saa 72, ikipita hapo ni friza ya kutoa 70 kwenda chini, ambayo vituo vingi hatuna. Kuna watu wanadhani kuiweka kwenye sehemu ya barafu ya friji ya kawaida ndio kuihifadhi zaidi. Kwa umeme wetu unavyokatika, kuganda na kuyeyuka na kuganda tena kunaiumiza zaidi kuliko kuiacha kwenye baridi ya kawaida ukaituma kesho asubuhi.

Mpox, ule ugonjwa wa vipele, nitaipitia haraka. Ilithibitishwa nchini Julai 2024, pale mpakani Taveta, na sisi tulio kwenye njia ya malori tulijua itafika. Hapa damu si sampuli ya kutegemea, ni kipele chenyewe, unasugua kwa nguvu kweli mpaka upate kitu cha ndani, na kiende kwenye baridi ndani ya saa moja. Mgonjwa anaumia, wewe unamuonea huruma unagusa juu juu, na matokeo ya huruma hio ni negativu ya uongo.

Sasa damu ya kupima kiwango cha virusi vya ukimwi, ile wenyewe wanaiita vairo lodi. Hii ndio kazi yetu kubwa ya kila siku. Inatolewa kwenye kichupa cha kofia ya zambarau ambacho ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande. Kile cha kijani usikitumie, dawa yake ni heparini na heparini inaizuia PCR. Ukishatoa unakigeuza taratibu juu chini mara nane mpaka kumi, hukitikisi kwa nguvu, ukikitikisa chembe zinapasuka, na usipokigeuza damu inaganda na kichupa kinarudi. Kuna bi mkubwa mmoja wa Mtongwe alinijia dirishani na jua lile la saa nane, damu yake ya mwanzo ilitolewa kituo kingine, akaniuliza, "Mwanangu, kwani ile damu yangu mumeipeleka wapi hata nikaambiwa nije nitolewe nyengine?" Nikamwamkia, nikamletea kiti, nikamwambia, "Bibi, ilifika, lakini ilikuwa ishaganda, mashine haiwezi kuipima." Akaniangalia. "Basi aliyenitoa mbona hakuangalia?" Swali la haki kabisa lile. Kuangalia ni sekunde chache, unakiinamisha kichupa unatazama kama kuna donge, kama lipo unatoa nyengine mgonjwa bado amekaa pale pale na mkono wazi. Bibi asingepanda matatu mara mbili.

Na kutoka dakika ile sindano imetoka, saa inahesabu. Damu nzima isikae zaidi ya saa 24 kabla ya kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji ikatenganishwa plazma, yale maji ya damu yasiyo na chembe. Kwetu sisi kama sentrifuji iko sawa tunaitenganisha hapa hapa, na plazma ikishatengwa inapata nafasi ya kupumua, siku kadhaa kwenye friji. Lakini kuna zahanati ndogo ndogo huko ndani hazina sentrifuji, zinatuma damu nzima, na hapo ndio hesabu inakuwa kali. Mgonjwa katolewa saa mbili asubuhi. Raida, yule wa pikipiki anaebeba sampuli, anapita kuchukua saa sita kwa sababu anasubiri wagonjwa wa klinika wamalizike. Anapitia vituo vyengine njiani. Anafika ferini saa nane. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, sote twajua, shida ni kusubiri, feri moja ikiwa mbovu zile zilizobaki zinazidiwa, watu wamejaa kibandani, pikipiki zimepangwa juani. Siku hizi kuna ile njia ya Dongo Kundu lakini kwa raida anaetoka Likoni kwenda Makadara, pale hospitali ya Coast General ambapo ndipo inapopimwa vairo lodi, inamzungusha mbali sana. Anafika saa kumi kasoro, mapokezi pana foleni. Siku ya Ijumaa ndio usiseme. Mimi kwa maoni yangu sampuli za damu nzima zisitolewe Ijumaa mchana kabisa, heri umpangie mgonjwa Jumatatu, umueleze kwa nini, atakuelewa.

Maraida nawaheshimu sana na wengi wao hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza wanabeba nini. Mtu anaambiwa peleka hii, basi. Ukimwelezea kwamba ndani ya boksi hilo kuna damu ya mama mjamzito anaengoja kujua kama dawa zake zinafanya kazi, na kwamba joto linaiharibu, yeye mwenyewe ataanza kutafuta kivuli pale ferini. Nimeona kijana mmoja alivyokuwa analivua lile boksi kwenye pikipiki, analishika mkononi, anasimama nalo chini ya paa pamoja na abiria wa miguu mpaka feri ifunguliwe. Hakuna mwongozo uliomwambia afanye hivyo. Na kama ni matatu inayobeba, boksi lisikae karibu na injini, wala chini ya kiti cha dereva, pale pana joto hata mguu hauvumilii.

Upakiaji sasa. Tabaka tatu, haijalishi unaenda ng'ambo ya feri au unaenda Nairobi. Kichupa chenyewe kimefungwa sawasawa. Kinafungwa ndani ya kitu cha pili kisichovuja, na katikati hapo kuna pamba au karatasi ya kunyonya inayotosha kunyonya maji yote kama kichupa kitapasuka. Halafu boksi gumu la nje, lenye ile alama ya almasi iliyoandikwa UN3373, namba ya kimataifa ya sampuli za daraja la kawaida. Boksi la daraja hilo linatakiwa lihimili kuanguka kutoka mita 1.2, yani kimo cha mtu kulishika mkononi likamponyoka. Sampuli za magonjwa kama ebola ni daraja jengine kabisa, namba yake UN2814, na boksi lake linajaribiwa kwa kuangushwa kutoka mita 9, hizo mtu wa kawaida wa kituo hapaki mwenyewe, anapiga simu kaunti. Fomu zinakaa nje ya kile cha pili, hazichanganywi na vichupa, manake kikivuja na fomu ikilowa damu hakuna atakaeishika na hakuna atakaejua sampuli ni ya nani.

Barafu ndio watu wanaikosea kila siku. Paketi ya barafu imetoka friza ngumu kama jiwe mtu anaibandika moja kwa moja kwenye vichupa vya damu nzima akidhani anasaidia. Damu nzima ikiganda kwa baridi chembe zote zinapasuka, ukiizungusha unapata maji mekundu badala ya plazma, na hio ni ya kutupa. Paketi zitoe friza mapema, ziache mezani mpaka zitoke jasho, ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, hapo ndio unapanga, na katikati unaweka kizuizi, hata boksi la karatasi. Na weka themometa ndani. Ndogo tu. Ukifungua kule mwisho unaisoma unaandika. Bila themometa ukiniambia sampuli ilisafiri kwenye baridi unaniambia unavyotumaini.

Sampuli ninayoipenda kuliko zote ni ya watoto wachanga, damu ya tone kwenye kadi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi hawezi kupimwa kwa kile kipimo cha kidole cha kawaida mpaka afike miezi 18, kwa sababu kingamwili za mama zinaweza kuwa bado ziko ndani ya damu yake, zikaonyesha ndio hata kama mtoto hana. Kwa hivyo inatafutwa jenetiki ya kirusi chenyewe kwa PCR, kwanza akiwa wiki sita, halafu miezi sita, halafu mwaka. Mama anakaa kitini amempakata mtoto wima, mguu unaning'inia ili damu ishuke. Unaupasha kisigino moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu. Unasafisha kwa spiriti, unaacha ikauke yenyewe, ukidunga bado ina maji spiriti inachanganyika na damu. Unadunga pembeni mwa kisigino, si katikati nyuma. Tone la kwanza unalifuta. La pili unalingoja likue, lijae, halafu unaligusisha kadi pale kwenye duara, kadi inainyonya, unatazama mpaka duara limejaa na upande wa pili pameiva vilevile. Hukamui mguu kwa nguvu, hurudii tone juu ya tone. Duara tano ziko pale, unajaza unazoweza vizuri. Mtoto analia, mama anatetemeka kuliko mtoto, wengi wao hawajalala usiku ule, na mimi huwa nasema nao pole pole muda wote, nawaambia mguse kichwa, muimbie.

Halafu kadi inalazwa kwenye kichanja chake ikauke. Kule bara muda wa saa tatu nne unatosha. Hapa kwetu hewa imejaa maji, masika ndio zaidi, ukiigusa jioni bado iko baridi, tunaiacha mpaka asubuhi. Haianikwi juani, si ng'onda hii, jua linaharibu kile kile unachokitafuta. Haiwekwi mbele ya feni ikapigwa na vumbi. Hazilaliani. Damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko inaoza, inaota kuvu. Ikishakauka rangi inageuka kahawia, hapo ndio inafungwa na karatasi yake ya kung'aa, inaingia mfuko wa kuziba pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu na kile kikadi cha kuonyesha unyevu, ambacho kikiwa buluu uko sawa, kikianza kugeuka pinki badilisha vipakiti. Na uzuri wake, ikishafungwa hivyo haitaki barafu. Inavuka feri kwenye bahasha. Zahanati ambayo haina friji wala sentrifuji inaweza kutuma damu ya mtoto ikapimwa na ikasomeka sawasawa, mradi yule aliyeikausha alikuwa na subira.

Kuna kundi moja la watu waliolifikiria hili swala la negativu ya uongo kwa kina kuliko wote, nao ni watu wa kufuatilia polio. Mtoto chini ya miaka 15 akipooza mguu au mkono ghafla, vinachukuliwa vinyesi viwili, kati ya kimoja na cha pili zipite saa 24 mpaka 48, vyote ndani ya siku 14 tangu apooze, kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima, na vinakwenda KEMRI Nairobi kwenye baridi, vifike ndani ya siku tatu. Sasa walijiuliza, tukipata negativu mwaka mzima tutajuaje kama polio haipo kweli au vinyesi vinapikwa njiani? Wakatumia jambo ambalo mimi kila nikilifikiria naona ni akili kubwa sana. Watoto wa sehemu zetu za joto matumboni mwao kuna virusi vyengine vingi vya jamii ileile ya polio ambavyo havina madhara makubwa. Maabara inavihesabu. Ikivikuta kwenye angalau asilimia 10 ya vinyesi, ina maana safari ni nzuri, virusi vinafika hai. Ikishuka chini ya hapo hata kama kila lebo ni safi, wanaanza kuuliza maswali kuhusu boksi na barafu na njia. Yani wana namna ya kupima safari yenyewe. Natamani tungekuwa na kitu kama hicho kwa kila sampuli inayovuka pale Likoni. Hatuna, tuna themometa na saa na uaminifu wa watu.

Siwezi kumaliza bila kuitaja lebo. Iandikwe kwenye kichupa, si kwenye kofia, kofia zinabadilishana. Iandikwe mgonjwa akiwa mbele yako, na umuulize akutajie jina yeye, usimtajie wewe akaitika tu, hapa mtaani kina Fatuma Ali na Mohamed Salim ni wengi, umri na namba ndio inawatenganisha. Tarehe na saa ya kutolewa. Saa, naomba, siyo tarehe peke yake. Nimeeleza hapo juu damu nzima ina saa 24, sasa kichupa kikija kimeandikwa tarehe tu nitajuaje zimebaki ngapi?

Na namba ya simu, ya mama mwenyewe, na ya mtu wake wa karibu ambae yeye mama amekubali apigiwe. Kwa watoto wachanga hili ni la dharura. Mtoto aliyepata virusi asipoanza dawa mapema hatari ni kubwa mno, bila dawa karibu nusu yao hufariki kabla ya kufika miaka miwili, na miezi ile ya mwanzo ndio mibaya zaidi. Jibu likirudi ndio na simu iliyoandikwa haipatikani, wahudumu wa afya wa jamii watatembea nyumba kwa nyumba wakiuliza, na Likoni watu wanahama, leo yuko Shika Adabu kesho kaenda kwao Kinango. Kwa hivyo kama wewe ni mama na mtoto wako alitolewa damu ile ya kisigino, halafu wiki zimepita kimya, usichukulie kile kimya kuwa ni jibu. Nenda na kadi ya kliniki, waambie wakutafutie kwenye daftari sampuli ilitumwa siku gani na kama ilipokelewa kule ilikopelekwa. Imeandikwa, na ni haki yako usomewe. Kama hawaioni, mtoto atolewe nyengine siku hio hio kabla hujaondoka.